Shajara ya mradi: chaji inakaa wapi elektrodi ikipakwa kihami

Swali

Anayeanza kushughulika na volteji kubwa huambiwa mapema kwamba korona ikikusumbua, paka kihami. Paka vanishi, paka epoksi, visha mpira wa silikoni, mradi chuma kisigusane na hewa. Mara nyingi ushauri huo unafaa. Mlio unakatika, harufu ya ozoni inapungua, mita ya mkondo inashuka. Lakini nimeona pia elektrodi iliyopakwa ikiwaka kuliko iliyo tupu, na nimeona mpako uliokaa kimya muda mrefu ukitoa nukta za mwanga wa zambarau pale tu nilipozima chanzo cha umeme. Mambo hayo hayaelezeki kwa kusema tu kwamba kihami kinazuia umeme.

Mradi huu unatafuta maelezo yatakayoyabeba yote kwa pamoja. Dhana ninayoanza nayo ni kwamba mpako unaamua chaji ikae wapi na ikae kwa muda gani, na kwamba ukishajua mambo hayo mawili unaweza kutabiri kama korona itazimika, itaendelea, au itahamia mahali pengine.

Kwa asiyeizoea korona: ni hali ya hewa kupasuka karibu na elektrodi tu, pale uga wa umeme ulipobanwa na ncha kali au waya mwembamba, huku hewa ya mbali ikibaki kihami. Elektroni chache zilizo huru zinapata kasi, zinagonga molekuli, zinang'oa elektroni nyingine, na idadi yao inazaana. Umbali mfupi kutoka kwenye chuma, uga unashuka chini ya kama kilovolti 25 kwa sentimita. Kuanzia hapo oksijeni inanasa elektroni haraka kuliko zinavyozaliwa, na kinachoendelea na safari ni ioni (molekuli zenye chaji), polepole. Ndiyo maana korona inaweza kuwaka saa nzima bila kugeuka cheche.

Jumatatu: mtambo

Nina maumbo mawili. La kwanza ni waya wenye nusu kipenyo cha milimita 0.25, umenyooshwa katikati ya silinda ya chuma yenye nusu kipenyo cha milimita 30. La pili ni sindano inayotazama bamba tambarare. Kuna chanzo cha DC (umeme wa mwelekeo mmoja) kinachoweza kuwa chanya au hasi, na kingine cha AC (umeme unaogeuza mwelekeo) cha hezi 50. Kila kimoja kinapitia rezista ya megaomu 10 ili cheche ikitokea isipate mkondo mkubwa. Silinda na bamba vinakwenda ardhini kupitia rezista ndogo ya kupimia, na osiloskopu, kifaa kinachochora volteji inavyobadilika, inasoma hapo, upande ulio salama.

Neno moja la usalama, kwa sababu elektrodi zilizopakwa zina hatari yake. Fimbo ya kutolea chaji ikigusa waya, chuma kinashuka hadi sifuri, lakini chaji iliyokaa juu ya mpako inabaki pale pale. Uso wote wa mpako lazima upitiwe, na hata baada ya hapo sigusi kwa mkono mtupu. Chumba kina feni inayotoa hewa nje, maana ozoni haichezewi. Ukomo unaotumika Marekani kwa kazi ya saa 8 ni sehemu 0.1 tu kwa milioni.

Jumatano: waya mtupu

Bila waya mtupu hakuna cha kulinganisha. Kanuni ya kutabiri kizingiti cha korona ni ya F. W. Peek, mhandisi wa Marekani aliyeyapima haya mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa waya laini ndani ya silinda, katika hewa ya angahewa moja na nyuzijoto 25, korona inaanza pale uga juu ya uso wa waya unapofikia 31 × (1 + 0.308/√r), kwa kilovolti kwa sentimita, r ikiwa nusu kipenyo kwa sentimita.

Kwa waya wangu jibu ni kilovolti 91 kwa sentimita. Hiyo ni mara 3 ya kilovolti 30 zinazotajwa kila mahali kwa hewa iliyo kati ya mabamba mawili. Hewa ni ile ile, ila uga unashuka haraka mno ukitoka kwenye uso wa waya, kwa hiyo elektroni zina nafasi finyu ya kuzaana na lazima zianze kwa msukumo mkubwa. Volteji inayolingana na uga huo ni kilovolti 10.9.

Mtambo umeanza chini kidogo ya hapo, jambo la kawaida kwa waya wenye mikwaruzo. Peek mwenyewe aliweka kigawo cha ukwaruzo kwenye kanuni yake kwa ajili hiyo. Nimezima taa nikangoja macho yazoee giza. Waya ukiwa chanya, mwanga unauvaa wote kama soksi nyembamba ya zambarau. Ukiwa hasi, mwanga unakusanyika kwenye vishada vidogo vilivyoachana, na vishada hivyo vinahamahama.

Kwenye sindano hasi osiloskopu inaonyesha mapigo ya Trichel, yaliyoelezwa na G. W. Trichel mwaka 1938: mapigo mafupi ya mkondo yanayofuatana kwa mpangilio wa kushangaza, na yanayozidi kukaribiana mkondo unapoongezwa. Kila pigo linaacha wingu la ioni hasi za oksijeni mbele ya ncha, wingu linafifisha uga, mzaliano unakatika, kisha wingu likisogea mbali ncha inapiga tena. Ninaliandika hili kwa makusudi. Hata bila mpako wowote, korona inajizima kwa chaji iliyoiacha njiani. Mpako utafanya jambo lile lile, tofauti ni kwamba chaji ya juu ya mpako haina pa kwenda.

Juu ya kizingiti mkondo unafuata umbo alilolionyesha mwanafizikia John Townsend mwaka 1914: unalingana na V × (V − V0), V0 ikiwa kizingiti. Nikigawanya mkondo kwa volteji na kuuchora dhidi ya volteji napata mstari mnyoofu. Mchoro huu nitautumia mradi mzima, kwa sababu mpako ukianza kufanya jambo, mstari ndio wa kwanza kupinda.

Ijumaa: hesabu kabla ya kupaka

Mpako wa kwanza ni teflon yenye unene wa milimita 0.25, imebana waya bila nafasi ya hewa. Nusu kipenyo cha nje sasa ni milimita 0.5. Kwa AC, kabla korona haijaanza, volteji inagawanyika kati ya teflon na hewa kulingana na permitiviti (kipimo cha jinsi kihami kinavyoitikia uga wa umeme), na ya teflon ni 2.1 ukilinganisha na hewa. Nikiipitisha kwenye kanuni ya Peek, kizingiti kinapanda kutoka kilovolti 10.9 hadi 16.3, vyote vikihesabiwa kwenye kilele cha wimbi.

Ongezeko hilo linavutia, na mtu angeweza kuishia hapo akasema kihami kimefanya kazi. Lakini fanya hesabu ya pili: chukua waya wa shaba mtupu, usio na mpako wowote, wenye nusu kipenyo hicho hicho cha milimita 0.5. Kizingiti chake ni kilovolti 15.1. Kwa hiyo katika ongezeko la kilovolti 5.4, unene peke yake umeleta 4.2, na teflon kwa kuwa teflon imeleta 1.2 tu. Zaidi kidogo ya robo tatu ya faida ingepatikana kwa kununua waya mnene.

Jambo hili naona linapaswa kusemwa mara nyingi zaidi. Ukipaka tabaka la maikromita chache za vanishi juu ya waya, umbo la uga hewani halibadiliki kwa kiasi chochote cha maana, na kizingiti cha AC hakisogei. Vanishi nyembamba inasaidia kwa njia nyingine: inaziba mikwaruzo na vinyweleo vya chuma vilivyokuwa vikianzisha korona mapema. Faida hiyo ni ya kweli, lakini ungeipata pia kwa kusugua waya hadi ung'ae.

Jumamosi: ala iliyolegea

Leo nimevisha waya ule ule ala ya teflon isiyobana. Nusu kipenyo cha ndani ya ala ni milimita 0.35, cha nje 0.6, kwa hiyo kuna mwanya wa hewa wa milimita 0.1 kuzunguka waya. Kwa jicho inaonekana imekingwa zaidi kuliko ile ya kwanza, kwani ala ni nene vilevile na inaonekana nadhifu.

Hesabu inasema vingine. Uso wa nje wa ala hautaanza korona hadi karibu kilovolti 19. Lakini mwanya wa hewa wa milimita 0.1 unapasuka ukipata takriban volti 1,000, kwa mujibu wa kanuni ya Paschen, inayohusisha volteji ya kupasua hewa na upana wa mwanya, na unazipata pale volteji nzima inapofika kama kilovolti 13. Kati ya 13 na 19 kuna korona, lakini imefichwa ndani ya ala.

Na ndivyo ilivyokuwa. Kwa macho hakuna kitu, silinda haionyeshi mwanga wowote. Kwenye osiloskopu kuna vijipigo vyembamba vinavyokusanyika pale wimbi linapopanda, vinapotea kwenye kilele, na vinarudi linaposhuka kwenda upande wa pili. Huo ndio mwenendo wa mtoko wa chaji ndani ya mwanya uliofungwa: unafuata mabadiliko ya volteji kuliko ukubwa wake, kwa sababu kila pigo linaacha chaji ukutani inayozima lile lifuatalo hadi volteji iongezeke tena. Nyuzi za mota na nyaya za volteji kubwa zinakufa hivi hivi. Ozoni na asidi zinazotokana na nitrojeni zinazaliwa ndani, hazina pa kutokea, na zinakula kihami kutoka upande usioonekana.

Kwa kazi yoyote ya kweli, mpako uliolegea una hatari kuliko kutokuwa na mpako. Korona ya waya mtupu angalau unaisikia.

Wiki ya pili: DC

Hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo.

Waya uliobanwa na teflon, volteji chanya, napandisha taratibu. Kizingiti kinapopitwa, mkondo unaruka juu, kisha unaanguka ndani ya muda mfupi hadi mita haionyeshi kitu. Napandisha kidogo: unaruka tena, unaanguka tena. Kila ngazi ya volteji inanunua mlipuko mmoja mfupi wa korona, kisha kimya.

Sababu yake si ngumu. Waya ukiwa chanya, elektroni zinazozaliwa hewani zinaukimbilia, zinakuta teflon, zinatua juu yake na kubaki. Tabaka hilo la chaji hasi linaupunguza uga wa hewani hadi chini ya kizingiti, ni kama ndoo inayojaa hadi bomba likajifunga lenyewe. Korona imejizima kwa mazao yake.

Itakaa kimya muda gani? Muda ambao chaji inachukua kupenya mpako unakadiriwa kwa kuzidisha ukinzani mahususi wa kihami kwa permitiviti yake. Kwa teflon yenye ukinzani wa omu-mita 10¹⁶, jibu ni sekunde 186,000 hivi, zaidi ya saa 51. Kwa mpako unaovuja kidogo, wenye omu-mita 10¹² na permitiviti 3.5, jibu ni sekunde 31. Mpako wa pili ukiuweka kwenye mtambo unapata korona inayopumua: mlipuko, kimya, mlipuko. Mtu asiyeingoja atapima kimya na kuandika kwamba korona imekwisha.

Kuna jambo lingine kuhusu mpako unaovuja kwenye DC. Hewa tulivu inapitisha umeme kidogo sana, chini ya epoksi nyingi. Volteji ikikaa muda mrefu kabla ya kufika kizingiti, uso wa nje wa mpako kama huo unafikia volteji ile ile ya waya, na mgawanyo wa permitiviti unakuwa hauna maana tena. Zile kilovolti 1.2 za nyongeza zinapotea, kizingiti kinarudi 15.1, sawa na waya mnene mtupu. Kwa hiyo hata kasi ya kupandisha volteji inabadilisha jibu, na kuanzia sasa naiandika kando ya kila kipimo.

Kisha nikazima, na hapa ndipo zile nukta za zambarau zilipoonekana. Waya umerudi sifuri, lakini tabaka la elektroni juu ya teflon bado lipo, na sasa hakuna chaji chanya nyuma yake ya kutosha kulituliza. Uga wa hewani umegeuka upande. Pale ulipozidi, hewa ilipasuka kwa mwelekeo wa kinyume na sehemu ya chaji ikatoka.

Nilipogeuza chanzo kuwa hasi bila kuusafisha waya, korona ilianza chini sana ya kizingiti cha mwanzo. Chaji hasi iliyobaki juu ya mpako ilikuwa inauongezea nguvu uga wa waya hasi. Mpako ule ule ulioizima korona ya chanya ndio ulioiwahisha ya hasi. Kwa mitambo ya DC inayogeuzwa geuzwa jambo hili lina uzito, na sioni linatajwa na wanaoshauri watu kupaka tu.

Sindano na kitobo

Nimechovya sindano kwenye epoksi. Epoksi ikiwa bado maji, mvuto wa uso wake unaivuta ikimbie ncha kali na kujikusanya shingoni. Matokeo yake mpako ni mnene pasipohitajika na mwembamba kabisa pale uga ulipo mkali kuliko pote. Niliiweka chini ya hadubini kabla ya kuiwasha: shingo ina mviringo wa kung'aa, ncha ina utando unaopitisha rangi ya chuma.

Kwenye volteji hasi ilivumilia kwa muda, mapigo ya Trichel hayakuwepo. Korona hasi inategemea elektroni zinazong'olewa kwenye chuma na ioni chanya zinazokigonga na mwanga unaokiangukia. Chuma kikifunikwa, chanzo hicho kinadhoofika, na ioni chanya zinatua juu ya utando. Kisha pakasikika mshindo mdogo na mapigo yakaanza, safi na yenye mpangilio.

Nimeirudisha kwenye hadubini. Kando kidogo ya ncha kuna kitobo, kingo zake zimegeuka kahawia na zimeinuka, na ndani yake chuma kinang'aa. Mwanga wa korona sasa unatoka hapo tu, hauhami. Epoksi iliyozunguka kitobo imejaa chaji, haipokei tena, kwa hiyo mkondo wote unapitia tundu moja. Kwenye sindano tupu uharibifu ungegawanyika. Hapa kila pigo linalamba kingo zile zile. Kitobo cha leo kesho kitakuwa kikubwa zaidi.

Uzi wa pamba

Hadithi hii lazima iingie kwenye shajara, kwa kuwa inahusu hasa ninachokitafuta. Frederick Cottrell, akifanya kazi California mwanzoni mwa karne ya 20, alikuwa akijaribu kunasa ukungu wa asidi ya salfuriki kwa umeme. Aliona kipande cha waya uliofunikwa kwa pamba kikitoa mwanga wa zambarau uliosambaa sawasawa, kuliko waya mtupu. Akazitengeneza elektrodi zake zikiwa na manyoya ya nyuzi, na mwaka 1908 akapata hataza ya mtambo wa kunasa vumbi na ukungu kwa umeme.

Kwa juu juu huo ni mpako wa kihami ulioongeza korona. Ukitazama kwa karibu, kila unywele wa pamba ni ncha kali kupita sindano yoyote, na pamba yenye unyevu inapitisha chaji ya kutosha kuilisha ncha hiyo, lakini si ya kutosha kulisha cheche. Ni maelfu ya sindano, kila moja na rezista yake. Nimeijaribu kwenye waya wangu na mwanga ulisambaa kweli. Nilipoikausha pamba kwa joto, mwanga ulipungua hadi kubaki sehemu chache. Umbo la uso na upitishaji wake vilikuwa vinafanya kazi pamoja.

Mpako upande wa bamba

Mpaka sasa nimepaka upande unaotoa korona. Nimehamia upande wa pili: sindano tupu, bamba limefunikwa.

Kwa karatasi ya plastiki isiyo na tundu, korona inazimika kama ilivyokuwa kwa teflon, chaji ikijilundika juu ya plastiki. Nilizima, nikanyunyiza unga wa wino wa fotokopi nikapuliza taratibu. Unga ulishika duara pana kwa namna ambayo sikuitegemea. Kwenye bamba tupu mkondo unagawanyika kwa namna aliyoipima mwanafizikia Warburg mwaka 1899: mkali chini ya ncha, ukishuka karibu na kipeo cha 5 cha kosini ya pembe kutoka mstari wa sindano, kiasi kwamba kwenye nyuzi 60 unabaki asilimia 3 hivi na baada ya hapo unakatika. Juu ya plastiki duara lilivuka mpaka huo. Ioni zilizotangulia zilijaa katikati, zikazisukuma zilizofuata pembeni, na hizo nazo zikazisukuma nyingine. Ukingoni mwa duara kulikuwa na matawi membamba ya unga, ya jamaa moja na yale ambayo mwanafizikia Lichtenberg aliyaona mwaka 1777 juu ya keki yake ya utomvu, yaani bamba la utomvu mgumu.

Mambo yanageuka kabisa mpako wa bamba ukiwa na vinyweleo (vitundu vidogo) na ukavuja kidogo, kama tabaka la vumbi kwenye mtambo wa kunasa vumbi. Hapo mkondo haukatiki. Unapenya tabaka, na uga ndani ya tabaka ni msongamano wa mkondo ukizidishwa kwa ukinzani mahususi. Miliampia 1 kwa mita ya mraba ikipita kwenye omu-mita 10⁹ inazaa kilovolti 10 kwa sentimita, na hewa iliyo kwenye vinyweleo inaanza kupasuka. Nilichokiona ni vinukta vya mwanga vilivyotapakaa juu ya bamba, mbali kabisa na sindano, na mstari wa Townsend ukapinda kuelekea juu. Vinukta hivyo ni vishimo vinavyomwaga ioni za alama ya kinyume zinazorudi kuikuta sindano. Wanaoendesha mitambo ya kunasa vumbi wanaujua ugonjwa huu: mkondo unaongezeka, volteji ya cheche inashuka, na vumbi linakwepa kunaswa kwa sababu chaji yake inafutwa njiani.

AC, kwa ufupi

Kwenye AC chaji ya juu ya mpako haifi wala haikai. Inabadilishwa kila nusu ya wimbi. Ndiyo maana mpako unaoizima korona ya DC hauwezi kuizima ya AC ikishavuka kizingiti. Chaji iliyoachwa na nusu moja inaisaidia nusu inayofuata, hivyo korona ikishawaka inaendelea kwa volteji ndogo kuliko iliyoiwasha. Nimeiona wazi: nikishusha volteji haizimiki pale ilipoanzia. Mvumbuzi Werner Siemens alilitumia jambo hili mwaka 1857 kutengenezea ozoni, akiweka kioo kati ya elektrodi na hewa ili mtoko usiweze kugeuka cheche. Nimeweka kapasita upande wa ardhi na kuchora chaji dhidi ya volteji, njia iliyotokana na kazi ya mtafiti Manley ya mwaka 1943. Eneo la umbo linalojifunga ni nishati inayoliwa kwa kila mzunguko, na kwa kazi hii naiamini kuliko mita ya mkondo.

Siku ya mvua

Hewa imejaa unyevu na vipimo vya DC vya teflon vimebaki karibu vile vile. Vya mpako wa kioo vimebadilika mno. Maji yanajitandaza juu ya kioo kama utando usioonekana na chaji inatembea pembeni hadi ipate pa kushukia, kwa hiyo muda wa sekunde niliokuwa nimeukokotoa kwa ukinzani wa ndani hauna maana; uso umeunda njia yake. Kipande cha teflon kilichokwisha kukaa kwenye korona kwa muda mrefu nacho kimeanza kushika maji, wakati kipya kinayafukuza. Korona inaubadilisha uso wa polima kwa ozoni, mwanga wa urujuanimno na migongano ya ioni. Mpako unaopimwa baada ya kutumika si ule uliopakwa.

Kinachofuata

Nimeacha kutafuta mpako wenye ukinzani mkubwa kuliko wote. Nataka usioifungia chaji lakini usioiruhusu cheche, na hesabu inaonyesha pa kuanzia. Chukua epoksi iliyochanganywa na unga unaopitisha kidogo, ukinzani wa omu-mita 10⁸. Chaji inapenya ndani ya milisekunde 3, mapema kuliko nusu ya wimbi la hezi 50, kwa hiyo haijilundiki. Kwa unene wa milimita 0.5 na korona ya miliampia 1 kwa mita ya mraba, volteji inayopotea kwenye mpako ni volti 50 tu. Lakini mikroampia 1 ikitaka kupita kwenye milimita moja ya mraba, kama cheche inavyotaka, ingehitaji kilovolti 50 ndani ya mpako peke yake. Cheche inakufa njaa, korona inaendelea kula.

Tatizo lililobaki ni mpako kutobolewa. Chanzo cha kilovolti 20 kikiangukia chote kwenye milimita 0.5 ni kilovolti 40 kwa milimita, na epoksi ya kawaida ya unene huo haitegemewi kuvuka 20 hivi. Nikiongeza unene hadi milimita 1.5 inashuka hadi 13, na hasara ya volteji inapanda hadi volti 150, ambayo naikubali. Bamba la kwanza la unene huo limeshamwagwa na linaendelea kukauka. Litakapotoka nitalipima ukinzani kwenye hewa kavu na kwenye hewa yenye unyevu kabla halijaiona sindano.